Mume wangu kitandani, nami sina amani: je, imani yangu imekwisha?

Swali la msomaji:

"Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mume wangu alipata kiharusi mwaka juzi. Upande wa kulia umepooza na maneno yamempotea. Anatoa sauti tu, na akishindwa kusema analia. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemlisha, ninayeamka usiku kumgeuza asipate vidonda. Nimeomba, nimefunga, amewekewa mikono mara nyingi. Kanisani wananiambia nipokee amani ya Bwana, na kwamba mwenye imani halii kama mimi. Mmoja amesema tuchunguze kama nyumbani hakuna dhambi iliyofichika. Nikipiga magoti siku hizi sipati neno. Kuna usiku natamani tu yaishe, halafu najichukia kwa kuwaza hivyo. Mbona sina amani? Imani yangu imekwisha? Na niendelee kuomba apone, au nikubali tu hali ilivyo?"

Jibu:

Bwana Yesu asifiwe sana, dada yangu. Pole. Pole kwa kuuguza, pole kwa usingizi unaokatika kila usiku, na pole kwa maneno uliyoambiwa na watu ambao ulitegemea wakubebe.

Nianze na la dhambi iliyofichika, maana najua linavyochoma na sitaki uendelee kulibeba hata kwa muda wa kusoma barua hii. Wanafunzi walimuuliza Yesu swali hilohilo mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Akawajibu kwamba si yeye wala wazazi wake (Yohana 9:3). Na wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alisema wazi kwamba hawakuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu (Luka 13:4). Kiharusi hutokea mshipa wa damu unapoziba au kupasuka kwenye ubongo. Aliyekuambia mchunguzane amerudia walichofanya rafiki zake Ayubu, na kitabu kile kinaisha Mungu akiwa amewakasirikia wao, huku akisema kwamba Ayubu, aliyelalamika kurasa nzima, ndiye aliyenena yaliyo sawa (Ayubu 42:7). Rafiki wale walianza vizuri. Siku 7 mchana na usiku walikaa naye chini bila kusema neno, kwa sababu waliona huzuni yake ni kubwa mno. Waliharibu walipofungua vinywa. Kwa hiyo hilo liweke chini, na usilichukue tena.

Sasa tuje kwenye amani.

Nionavyo mimi, umepewa picha ya amani ambayo haimo kwenye Maandiko, halafu ukaambiwa ujipime nayo. Ni picha ya mtu mwenye macho makavu, anayesema "Bwana ni mwema" kabla hujamaliza kumuuliza habari, asiyetikisika kwa lolote. Ukijilinganisha na mtu huyo utashindwa kila siku, na kila siku utadhani umemshindwa Mungu. Lakini mfuate Yesu mwenyewe kwenye Injili ya Yohana, sura moja baada ya nyingine. Sura ya 11 yuko karibu na kaburi la Lazaro, anaugua rohoni, anafadhaika, analia machozi. Sura ya 12 anasema, "Sasa roho yangu imefadhaika, nami nisemeje?" Sura ya 13, mezani usiku ule wa mwisho, anafadhaika tena rohoni kabla ya kusema kwamba mmoja wao atamsaliti. Ndipo sura ya 14, bado usiku uleule, anawaambia: "Amani nawaachieni, amani yangu nawapa." Amani *yangu*, anasema aliyefadhaika mara tatu mbele yao. Basi kama hiyo ndiyo amani aliyotuachia, kulia kwako pembeni ya kitanda cha mumeo hakuwezi kuwa ushahidi kwamba huna.

Ukienda kwa Paulo utakuta vivyo hivyo. Waraka kwa Wafilipi ndio wenye mstari ambao bila shaka umesomewa mara nyingi: msijisumbue kwa neno lolote, na amani ya Mungu, ipitayo akili zote, itawahifadhi mioyo yenu (4:6–7). Aliuandika akiwa kifungoni. Watu wanapousoma wanairuka sura ya 2, ambako Paulo huyohuyo anaeleza kwamba Epafrodito, ndugu aliyetumwa kumhudumia, aliugua karibu kufa, na kwamba Mungu alimhurumia na Paulo pia, "nisiwe na huzuni juu ya huzuni". Huzuni juu ya huzuni! Anakiri kwamba huzuni ya kwanza alikuwa nayo tayari, na kwamba Epafrodito angekufa angeongezewa nyingine. Hakuona aibu kuyaweka hayo kwenye barua ileile ya amani ipitayo akili. Kwake mambo hayo mawili yalikaa ndani ya kifua kimoja.

Ninachotaka ukichukue kwenye barua hii, hata kama mengine yote yatapotea, ni hiki: amani ya Mungu haiji kwa kufunika maumivu, huja kwa kuyamimina mbele zake. Wewe unajitahidi kufika kwenye amani kwa kuirukia, kwa kujilazimisha kusema maneno ya ushindi ambayo moyo wako hauyasemi, ndiyo maana ukipiga magoti maneno yanakwama. Yaliyojaa moyoni umeyakataza kutoka, na yale unayoruhusu yatoke hayamo moyoni.

Soma upya habari za Hana, 1 Samweli sura ya 1, taratibu, ukiangalia mpangilio wake. Hana mtoto, na mwaka baada ya mwaka anachokozwa na Penina, mke mwenzake, mpaka analia na hali chakula. Elkana, mume anayempenda kweli, anamwambia maneno ambayo nadhani na wewe umeambiwa kwa namna nyingine: kwani mimi si bora kwako kuliko watoto kumi? Upendo ulikuwepo, lakini maneno hayakufika penye kidonda. Hana anaondoka, anaingia hekaluni, analia sana. Midomo inatikisika, sauti haisikiki. Kuhani Eli, mtu wa Mungu, anamtazama na kudhani amelewa! Naye Hana, kwa adabu lakini bila kurudi nyuma, anajibu kwamba hajanywa divai wala kileo, ila ameimimina roho yake mbele za Bwana. Anasema wazi kwamba yanayomtoka yanatokana na wingi wa kuugua na kusikitika. Eli anambariki aende kwa amani. Kisha mstari wa 18 unasema akaenda zake, akala chakula, wala uso wake haukukunjamana tena.

Angalia ni lini uso uliacha kukunjamana. Mimba haikuwepo. Samweli hakuwepo. Penina alikuwa bado yupo na ulimi wake. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba uchungu uliokuwa ndani yake sasa umewekwa mbele za Mungu, wote, bila kupambwa. Na ishara ya kwanza ya amani yake ilikuwa kula. Mwandishi angeweza kutuambia aliimba. Wimbo wake upo sura ya 2, mtoto akiwa ameshazaliwa na kuachishwa ziwa. Siku ile yenyewe alikula tu.

Basi anza hapo. Usiku mume akishalala, au hata ukiwa jikoni, mwambie Mungu lile ambalo hujawahi kulisema kwa sauti. Kama limejaa hasira, liseme na hasira yake. Kama ni "umenidanganya", liseme. Ukikosa maneno, azima. Zaburi ya 13 ina mistari 6 tu, na inaanza kwa kumuuliza Mungu "hata lini" mara nne mfululizo: hata lini utanisahau, hata lini utanificha uso wako. Katikati inaomba, mwishoni inategemea. Wengine husoma mstari wa mwisho wakaruka minne ya kwanza. Wewe ukishindwa kufika mwisho, kaa kwenye "hata lini" wiki nzima, ni maombi kamili.

Na ziko siku ambazo hata Zaburi ya 13 itakuwa na matumaini kuliko uliyo nayo. Siku hizo ifungue Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mahali fulani zikaelekea shukrani, hii haigeuki. Inaanza na "Ee Bwana, Mungu wa wokovu wangu", kisha inalia mpaka mwisho, na inaishia gizani, rafiki wametengwa mbali. Hakuna aliyeiongezea mstari wa kufurahisha. Israeli waliiimba hivyo katika ibada, na kanisa limeipokea hivyo kama Neno la Mungu. Ninapokutana na mtu aliyeambiwa kwamba kulia ni kukosa imani, humpeleka huko kwanza. Aliyeiandika hakuwa na jambo hata moja la kumfariji, ila alijua anamlilia nani, naye Mungu aliyahifadhi maneno yake kwa ajili yako.

Habari ya machozi, kuna mtu mmoja wa kale ningependa umjue. Agostino, aliyekuja kuwa askofu na mwalimu mkubwa wa kanisa, alifiwa na mama yake Monika huko Ostia mwaka 387, miezi michache baada ya kubatizwa. Alimfumba mama macho kwa mkono wake, na huzuni ikamjaa kifuani, lakini akajizuia kwa nguvu. Aliona haifai kumlilia mtu aliyekufa katika imani. Mazishini hakutoa chozi. Akaenda kuoga akidhani maji yatamtoa uchungu, hayakumtoa. Akalala, akaamka, na akiwa peke yake mbele za Mungu ndipo akayaachia machozi yote aliyoyazuia, na moyo wake ukapumzika juu yake. Baadaye aliandika kwamba anayeona ni dhambi yeye kumlilia mama yake kwa sehemu ndogo ya saa asimcheke, bali alie kwa ajili ya dhambi zake yeye Agostino. Hayo yaliandikwa na mtu ambaye hakuna atakayesema alikosa imani.

Umesema pia kwamba ukipiga magoti hupati neno. Hapo yapo mambo mawili. La kwanza, Yesu Gethsemane aliomba mara ya tatu "akisema maneno yale yale" (Mathayo 26:44). Sala yake ilikuwa fupi na aliirudia. Hudaiwi maneno mapya. "Baba, nisaidie" inatosha usiku kucha, na Paulo anasema kwamba tusipojua kuomba ipasavyo Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa (Warumi 8:26). La pili ni ukimya wa Mungu wenyewe, ile hali ya kuomba na kuhisi dari. Mama Teresa wa Kalkuta alipofariki mwaka 1997 wengi walidhani alikuwa ameishi akimsikia Mungu kila saa. Barua zake zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kwamba kwa karibu miaka 50 alikuwa haoni wala hahisi uwepo wake, na aliendelea kuinuka alfajiri kusali na kwenda kwa wagonjwa. Sikuambii hivi ili uone yako ni nafuu. Nakuambia ili ujue kwamba kutohisi na kutoamini ni vitu viwili, na kwamba ulipoamka jana usiku kumgeuza mumeo ulifanya tendo la imani ingawa moyo ulikuwa mkavu.

Ukiwa Gethsemane, tazama jambo jingine ambalo Luka amelitunza (22:43–44). Malaika alitoka mbinguni akamtia Yesu nguvu. Ungedhani baada ya malaika mambo yatatulia. Mstari unaofuata unasema akawa katika dhiki, akazidi kuomba, hata jasho lake likawa kama matone ya damu yakidondoka. Msaada wa mbinguni umekuja, na uchungu haukuondoka. Kilichokuja ni nguvu ya kuomba ndani ya uchungu, kisha nguvu ya kuinuka, kuwaamsha wanafunzi, na kwenda kuwakabili waliomjia. Ukitafuta amani ya Kristo kwenye nyumba yako, ipo uwezekano mkubwa utaikuta hapo: asubuhi umeamka, maji yamechemka, umemwosha mumeo uso kwa upole ingawa usiku ulilia.

Swali lako la pili, la kutamani yaishe.

Hilo nimelisikia mara nyingi kwa watu wanaouguza, na karibu wote hulisema kwa sauti ya chini wakitazama sakafu. Dada, mtu anayetamani mateso yaishe hajatamani mpendwa wake afe. Uchovu ukizidi, akili haina tena nafasi ya kuyatenganisha mawazo hayo. Musa alichoka na mzigo wa watu mpaka akamwomba Mungu amuue kabisa (Hesabu 11:15). Paulo anasema walilemewa mno kuliko nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi (2 Wakorintho 1:8). Na Eliya, siku chache tu baada ya moto kushuka Karmeli, alikaa chini ya mti jangwani akasema, "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu."

Mungu alimjibu nini Eliya? Hakumhubiria. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako" (1 Wafalme 19:7). Mazungumzo ya kiroho, ile sauti ndogo ya utulivu, yalikuja baadaye sana. Mungu alijua kwamba nabii wake alikuwa amechoka kabla ya kuwa na jambo jingine lolote, na alikiri kwa kinywa cha malaika kwamba safari ilikuwa kubwa kuliko yeye.

Na yako ni kubwa kuliko wewe. Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa chache, miezi kwa miezi, ni kazi ambayo hospitalini hufanywa kwa zamu, na anayemaliza zamu hurudi nyumbani kulala. Wewe huna zamu. Sehemu ya hicho unachokiita kukosa amani ni mwili usiolala, na kwa huo dawa si kufunga. Kwa kweli nakuomba kwa sasa uache kufunga, kula. Kanisa likitaka kufunga kwa ajili yenu, lifunge lenyewe.

Vitani na Amaleki, Israeli walishinda kila Musa alipoinua mikono; naye alipochoka, Haruni na Huri hawakumwambia aiinue kwa imani. Walichukua jiwe kwanza, wakaliweka chini yake, akakaa. Kisha wakaishika mikono yake, mmoja upande huu na mwingine upande huu, mpaka jua likachwa (Kutoka 17:12). Unahitaji watu wa namna hiyo, na mara nyingi hawaji kwa sababu hawajui waje kufanya nini. "Mniombee" wanaijua. Sasa waambie kitu cha mkononi. Mwite mzee wa kanisa au kiongozi wa akina mama, mwambie: naomba watu wawili waje Jumanne mchana, kwa muda wa saa mbili, mmoja akae na mume wangu, nami nilale. Mwingine afue mashuka. Naomba mwanamume wa kunisaidia kumwogesha mara moja kwa wiki. Ukiomba hivi utagundua haraka nani ni Haruni na nani alikuwa anapenda tu kutoa ushauri. Wa pili usimchukie, ila acha kumfungulia moyo.

Hapa niseme jambo zito kidogo. Kama umefika mahali ambapo usingizi haupo hata ukipata nafasi ya kulala, chakula hakina ladha kwa wiki kadhaa, hakuna kinachokugusa tena, au lile "natamani yaishe" limeanza kuwa wazo la kujidhuru au kumdhuru yeye, usingoje siku ya ibada. Mwambie mtu leo na uende kwa daktari leo. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, nao unatibika. Charles Spurgeon, mmoja wa wahubiri waliosikilizwa na watu wengi zaidi Uingereza karne ya 19, alihubiri mwaka 1856 kwenye ukumbi uliojaa, mtu akapiga kelele za moto, watu 7 wakafa katika msongamano. Alikuwa na umri wa miaka 22. Giza la moyoni lilimrudia miaka yote iliyobaki, naye alilisema waziwazi mbele ya kanisa, akiwafundisha wanafunzi wake kwamba mtumishi wa Mungu anaweza kuzimia moyo bila kuwa ametenda kosa. Kumeza dawa ya daktari si kumkana Kristo, kama vile mumeo kumeza ya shinikizo la damu si kumkana.

Na yeye je? Barua yako imenieleza mengi kuhusu mwili wake na kidogo kuhusu moyo wake, jambo ninalolielewa, kwa sababu hawezi kukuambia. Kwa watu wengi lugha hukaa upande wa kushoto wa ubongo, upande uleule unaoendesha mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana vyote viwili vilimpata pamoja. Lakini kupotewa na maneno si kupotewa na akili. Wengi walio kama yeye wanaelewa sehemu kubwa ya yanayosemwa chumbani, pamoja na yale yanayosemwa juu yao. Machozi yake anaposhindwa kusema huenda ni ya mtu anayejua vizuri alichotaka kusema. Takriban mmoja kati ya kila watatu wanaopata kiharusi hupatwa na sonona, kwa hiyo siku utakayoonana na daktari kwa ajili yako mwulize na kwa ajili yake, na uulize pia habari za mtaalamu wa kurudisha usemi.

Kuna kitu kimoja unaweza kukijaribu hata leo. Maneno yaliyokaririwa tangu utotoni, nyimbo, kuhesabu, sala, mara nyingine hubaki salama hata pale mazungumzo yalipopotea. Niliwahi kukaa na mzee mmoja ambaye hakuweza kutamka jina la mkewe. Mkewe alipoanza Sala ya Bwana, polepole, mzee alikuja nyuma yake kidogo kidogo, na tulipofika "utupe leo riziki yetu" alikuwa ameshamtangulia. Alipomaliza alitutazama kama mtu aliyeona mlango wake mwenyewe ukifunguka. Si wote huwa hivyo, na usimlazimishe. Mwanzishie tu wimbo mliokuwa mkiimba pamoja, au sala ile, kisha nyamaza katikati ya mstari umwachie nafasi. Ikiwa hatatoa neno, bado mtakuwa mmesali wawili, jambo ambalo nadhani hamjalifanya tangu augue. Mmekuwa mkimwombea yeye, juu ya kichwa chake.

Limebaki la mwisho: uendelee kuomba apone, au ukubali?

Sioni kwa nini uchague. Bartimayo, yule kipofu, alipiga kelele, akakemewa anyamaze, akazidi kupiga kelele, na Yesu hakumkaripia kwa hilo. Omba uponyaji bila aibu, na uombe pia yale madogo yaliyo ndani yake: kidole kimoja kisogee, neno moja lirudi, usiku mmoja alale mpaka alfajiri. Lakini mtu asikubebeshe mzigo wa kwamba asipopona ni imani yako iliyopungua. Paulo, ambaye kwa mikono yake Mungu aliponya wengi, anaandika kwa sentensi fupi kabisa: Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi (2 Timotheo 4:20). Rafiki yake alikuwa mgonjwa, akamwacha mgonjwa, na hakumlaumu yeye wala kujilaumu. Kuhusu mwiba wake mwenyewe alimsihi Bwana mara tatu, akapewa jibu ambalo hakuliomba: neema yangu yakutosha (2 Wakorintho 12:9). Yesu naye aliomba kikombe kiondolewe na akasema mapenzi yako yatimizwe, katika pumzi moja. Vyote viwili vilikuwa vya kweli, na hakuna kilichofuta kingine. Kukubali ninakokujua mimi si kuacha kuomba. Ni kuacha kuyasubirisha maisha yenu mpaka ombi lijibiwe, kana kwamba mumeo wa leo, aliyepooza, si mume kamili wa kupendwa leo.

Kwa hiyo ukimwombea apone, mwombee ukiwa umeshika ule mkono wake wa kushoto ambao bado una hisia, kwa sauti, ajue anaombewa nini, na mwisho ungoje aitike kwa namna yake. Wale wa Jumanne waite wiki hii, usisubiri kuona kama utapata nguvu. Kisha niandikie, uniambie ni nani aliyekubali kuja, na kama hakuna aliyekubali niambie vilevile, na jina la kanisa lako, nizungumze mwenyewe na mchungaji wenu.